Mgeni njoo, lakini kwanza jaza fomu

Siku ya Jamhuri, Disemba 12, 2023, Rais William Ruto alisimama Uhuru Gardens akatangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mtu popote duniani atakayehitaji visa kuja Kenya. Mtandaoni tulishangilia. Sisi tunaojua kuambiwa "leta stetimenti ya benki ya miezi sita" na balozi za wenyewe, tuliona hapa sasa tumewafunza watu ukarimu. Januari ikafika. Visa ikazikwa kweli, lakini kabla matanga hayajaisha kukazaliwa kitu kinaitwa eTA, idhini ya kusafiri ya kielektroniki, na manze kilifanana na marehemu sura na tabia.

Wacha nikukumbushe kilichokuwa kinatakiwa. Pasipoti iliyobakisha angalau miezi sita. Picha. Tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka. Mahali utakapolala. Dola 30, ambazo kwa bei ya sasa ni karibu shilingi 4,000. Kisha unangoja hadi siku tatu ujibiwe. Hata mtoto mchanga alihitaji yake. Sasa niambie wewe: kitu unachojazia fomu, ukakilipia, ukangoja ukubaliwe, na bila hicho ndege haikubebi, mtaani kwenu kinaitwaje? Kwetu kinaitwa visa.

Serikali ilijitetea kwamba visa ya zamani ilikuwa dola 50, kwa hivyo bei imeshuka. Ni kweli, kwa Mmarekani au Mfaransa ilishuka. Lakini kuna Waafrika waliokuwa wakija Kenya na pasipoti pekee, bila kulipa hata ndururu. Mzambia alikuwa mmoja wao. Mmalawi pia. Hao hawakupunguziwa kitu. Hao walianzishiwa kulipa. Fikiria mama wa Lusaka anayekuja Umoja kuona mjukuu. Mwaka wa 2023 alipanda ndege tu akashuka. Mwaka wa 2024 akawa anaulizwa atalala wapi, na jibu la kweli lilikuwa "kwa mwanangu, ghorofa ya nne, jengo halina jina, uliza duka la Mama Njeri." Hebu iandike hiyo kwa fomu.

Najua habari za fomu kwa sababu ndizo zilizonilisha. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, na kabla sijaanza kublogu nilikaa kwa saiba moja ya Eastlands karibu miaka miwili. Kazi yangu ilikuwa kujazia watu: KRA, HELB, eCitizen, cheti cha tabia njema, pasipoti, visa. Ukijazia watu fomu kila siku unajifunza kwamba fomu nayo ina tabia. Kuna fomu inayotaka kukuhudumia, na kuna fomu inayotaka uchoke uende nyumbani.

Fomu za visa za Ulaya ziko kwenye hilo kundi la pili. Tangu Juni 2024, visa ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, zaidi ya shilingi 13,000, na ukinyimwa hazirudi. Kuna dada mmoja niliyemjazia, alikuwa amealikwa harusi ya shangazi yake. Ubalozi siutaji. Alipeleka kila kitu: barua ya kazi, stetimenti, tiketi ya kwenda na kurudi, barua ya mwaliko. Akanyimwa. Barua ya kumnyima ilikuwa karatasi ya viboksi, na alama ilikuwa imewekwa kwenye kile kinachosema, kwa ufupi, hatuna hakika kwamba utaondoka.

Soma hiyo tena. Hakuambiwa pesa hazitoshi wala karatasi ni feki. Aliambiwa hawaamini atarudi kwao. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba karatasi zote za kuingia nchi ya watu, ukizimenya maganda, ndani zina swali moja tu: utatoka lini? Tiketi ya kurudi, barua ya mwajiri, shamba la babako, cheti cha ndoa, vyote ni majibu ya swali hilo. Masikini anaulizwa kwa ukali, tajiri anaulizwa kwa tabasamu, lakini swali ni lile lile.

Sasa nikikuambia kwamba nchi yangu ilichukua swali hilo hilo, ikaliweka kwenye tovuti, ikalitoza dola 30 na kulielekeza kwa Waafrika wenzetu waliokuwa hawaulizwi, utanielewa kwa nini sikupiga makofi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Sisi ndio tunaopiga kelele kila siku ati mabalozi wanatudhalilisha. Kwani udhalilishaji ukifanywa na Mkenya unageuka kuwa teknolojia?

Kuwa mkweli, mambo yamesonga. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Waafrika karibu wote wasihitaji tena hiyo eTA. Mwafrika anaruhusiwa kukaa hadi miezi miwili, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaendelea na ile miezi sita yao. Baraza hilo hilo lilisema usalama utalindwa kwa kukagua wasafiri mapema kupitia taarifa ambazo mashirika ya ndege yanatuma. Yaani kazi ya kumchunguza msafiri inaweza kufanywa na mitambo kabla hajatua, bila kumsumbua mama wa Lusaka na habari za jengo lisilo na jina. Hongera kwa hilo. Serikali ikirekebisha kitu tuseme imerekebisha, hata kama ilichukua mwaka mzima na doo za watu.

Lakini uamuzi huo uliacha nje nchi mbili: Libya na Somalia. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hii ya pili inatuhusu mimi na wewe kila siku.

Somalia ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023 na ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Tuko nchi nane sasa. Soko la Pamoja, ambalo mkataba wake ulianza kufanya kazi Julai 2010, linaahidi raia wa nchi wanachama kutembeleana kwa uhuru. Bendera ya Somalia iko pale Arusha pamoja na zetu. Halafu Mganda anaingia Kenya na kitambulisho cha taifa tu, kama Mnyarwanda, tangu 2014, na Msomali, mwanachama mwenzao, anaambiwa ajaze fomu na alipe. Huyo ni jamaa wa aina gani, anayeitwa mezani lakini kiti hapewi?

Nenda Eastleigh. Panda hadi First Avenue, ingia jengo lolote la nguo, uliza wenye maduka watoto wao wako wapi, mama zao wako wapi, mzigo unatoka wapi. Familia moja ina mguu Nairobi, mguu Mogadishu, na mkono Minneapolis. Nguo uliyovaa leo ukisoma hii kuna uwezekano mkubwa ilipita mikononi mwao. Ajuza akiugua Mogadishu na anataka kuja hospitali ya Nairobi ambako mwanawe anaishi, hizo siku tatu za kungoja jibu si jambo dogo. Na jibu likiwa la hapana, hizo siku tatu zimepotea bure.

Najua utaniambia usalama. Sitaki kulipuuza hilo. Westgate ilikuwa 2013, Garissa 2015, Dusit 2019, na kuna watu wanaosoma hapa waliopoteza ndugu. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Lakini tuulize fomu inafanya kazi gani hasa. Kati ya waliohusika na mashambulizi ya Garissa na Dusit walikuwamo Wakenya, watu waliozaliwa hapa na wenye vitambulisho vya hapa. Mpaka wetu na Somalia ni karibu kilomita 700, na mwenye nia mbaya haingii tovuti ya serikali kupakia picha ya pasipoti na tarehe ya kuondoka. Anayejaza fomu ni mfanyabiashara, mgonjwa, mwanafunzi na bibi harusi. Tunachuja maji safi, yale machafu yanapita kando ya chujio.

Na hata tukisema sawa, wachujwe, basi wachujwe kwa heshima. Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba mipaka ya Mandera, Liboi na Kiunga, iliyofungwa tangu 2011, itafunguliwa kwa awamu. Julai mwaka huo huo ikaahirisha baada ya mashambulizi. Mtu wa Mandera aliyepanga harusi, mzigo au mazishi kati ya tangazo na kuahirishwa alifanyaje? Uamuzi unaweza kuwa na sababu nzuri, lakini ukiutangaza kama hali ya hewa, watu wataishi kama watu wa hali ya hewa: wakiona jua wanatoka, wakiona wingu wanarudi.

Tukitoka kwa kuingia, twende kwa kutoka. Hii ndiyo sehemu ambayo hatuongei kabisa, na inaumiza vijana wetu kuliko ile ya kwanza.

Kila mtu anajua mtu aliyepata visa. Kuna picha ya pasipoti kwa stetasi, kuna sherehe ya kuaga, kuna fulana zimechapishwa. Uliza huyo huyo karatasi yake inasema anakaa siku ngapi. Kimya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali za sasa hazikupi jembe, zinakupa faini.

Chukua Dubai. Kuna mabroka mjini hapa wanaouza visa ya kutembea kama vile ni kazi. "Enda na ya utalii, ukifika utabadilisha." Unalipa, unaenda, kazi haipatikani, siku zinaisha. Kuanzia hapo Falme za Kiarabu zinakutoza dirhamu 50 kwa kila siku unayozidisha. Piga hesabu: dirhamu 50 ni kama shilingi 1,750. Miezi miwili tu, umepita laki moja, na hiyo ni pesa ya mtu ambaye tayari hana kazi. Ndiyo maana mwaka wa 2024, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Disemba, nchi hiyo ilipotangaza msamaha kwa waliopitisha muda, kulikuwa na foleni. Watu walikuwa wanataka tu kutoka. Kuingia kulihitaji tiketi na broka. Kutoka kulihitaji msamaha wa serikali.

Ulaya nako wamebadilisha mchezo. Sheria ya Schengen ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na zamani afisa alihesabu mihuri kwa macho, mwingine anachoka anakuachilia. Tangu Oktoba 12, 2025 wameanza mfumo wa kurekodi anayeingia na anayetoka kwa alama za vidole na picha ya uso. Kompyuta haichoki. Ukipitisha siku mbili, zitakusubiri kwenye rekodi siku utakapoomba tena.

Na usidhani hapa kwetu ni mchezo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya, ya 2011, inasema mtu anayepatikana yuko nchini kinyume cha sheria anaweza kutozwa hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hivyo ukiwa na rafiki wa Harare au Lubumbashi aliyekuja kutembea, msaidie kusoma muhuri wake. Aangalie siku alizoandikiwa, asiangalie siku anazodhani. Akitaka kuongeza, aombe kabla hazijaisha. Ziking'oka hata moja, tayari yuko upande wa mahakama.

Vivyo hivyo kwako wewe unayependa kurukaruka mipaka. Busia unaweza kuvuka kwa bodaboda ukala rolex upande wa Uganda ukarudi bila mtu kukuuliza. Sawa, wengi wanafanya. Lakini ukiamua kuendelea hadi Kampala, pita ofisini. Muhuri wa kuingia ndio ushahidi wako kwamba hukupitia njia za panya, na muhuri wa kutoka ndio ushahidi kwamba uliondoka. Tanzania nako kitambulisho peke yake hakitoshi. Beba pasipoti au kibali cha muda cha kusafiri, na uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Namanga si mahali pazuri pa kugundua hayo, hasa basi likiwa linapiga honi.

Kuna jambo lingine linalokuja mbio. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa AFCON 2027 kwa pamoja. Tulionja ladha yake Agosti 2025 wakati CHAN ilichezwa kwenye nchi hizi tatu na Kasarani ikajaa. Sasa chukulia shabiki wa Senegal, au wa Ufaransa mwenye asili ya Mali, timu yake inacheza Nairobi, kisha Kampala, kisha Dar es Salaam. Anahitaji karatasi ngapi? Tangu 2014 kuna visa moja ya utalii ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90, unaingia na kutoka utakavyo. Lakini inafanya kazi Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Kwa hivyo nchi tatu zinazoandaa mashindano kwa pamoja hazina karatasi moja ya pamoja, na nchi ya nne isiyoandaa ndiyo iliyo ndani ya mpango. Ukiandika hiyo kama kichekesho watasema umetia chumvi.

Shabiki akipata shida hataandika kwenye mtandao kwamba "itifaki za uhamiaji hazijaoanishwa." Atasema Afrika Mashariki ni kusumbuana. Na anayepoteza ni mwenye Airbnb wa Roysambu, dereva wa teksi, mama wa chapati nje ya uwanja, na yule msee anayeuza jezi Thika Road. Hizo ni kazi za vijana. Hii maneno ya visa si ya wanadiplomasia pekee.

Kwa hivyo nikipewa dakika tano na wanaopanga haya, nitaomba mambo manne. La kwanza, sheria zote za mgeni ziwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka: nani analipa, nani halipi, anakaa siku ngapi, anaongeza vipi. Siku hizi ukitafuta habari hizo unakutana kwanza na tovuti za mabroka zilizopakwa rangi za bendera. Kuna moja ilimtoza mteja wangu karibu mara tatu ya ada halisi kwa fomu ile ile. Tovuti ya serikali ya eTA inaishia na go.ke, isiyoishia hivyo, kimbia.

La pili, anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa. Tunadai hivyo kwa balozi za nje, basi tuwe wa kwanza kufanya. La tatu, Msomali awe mwanachama wa jumuiya au asiwe. Kama kuna hofu maalum, itajwe na iwekewe muda na itazamwe upya kila mwaka, kuliko kumweka mtu mlangoni milele huku tunaimba wimbo wa jumuiya. La nne, kabla ya AFCON, waandaaji watatu wakae chini watoe karatasi moja kwa shabiki mwenye tiketi. Kama tuliweza kugawana mechi, tunaweza kugawana muhuri.

Nako kwetu sisi, kazi ni ndogo lakini ni yetu. Ukisikia mtu yeyote, awe rais, broka au binamu yako, anasema nchi fulani ni "bila visa," usishangilie bado. Uliza maswali matatu: najaza nini, nalipa nini, na natakiwa kutoka lini? Akijibu mawili ya kwanza akakwepa la tatu, usitoe hata shilingi.